Mtutu Mwembamba wa Arvi Tolonen

Sehemu ya Tisa

Ninyi mliolala vibaya wiki nzima mkiwaza kidole cha Hilkka Tolonen, kidole bado kiko palepale kwenye triga. Na ile sauti ya nyuma yake ndiyo kwanza imemaliza kusema.

"Hilkka, usifyatue. Ukifyatua, umekwisha."

Hilkka hakugeuka. Alikuwa amesimama kwenye mstari wa kulengea, bunduki begani, jicho kwenye darubini, na mbele yake ubao wenye picha ya hirvi, yule mnyama wa pembe pana anayemzidi farasi kimo.

"Nani huyo?" aliuliza.

"Mimi, Reino. Toa kidole."

Hapo ndipo alipotoa kidole. Reino Mulari ni fundi bunduki, ndiye fundi pekee wa hapa Kuikkavaara, na kwa miaka yote niliyoishi huku sijawahi kumwona akikimbia. Siku hiyo alikimbia kutoka kwenye gari lake, aproni ya kazi ikimpiga magotini.

"Nakufa kwa nini?" Hilkka aliuliza, sasa amegeuka, mtutu ukielekea ardhini.

"Kufa nilitia chumvi," alisema Reino akihema. "Lakini kiwambo kingepasuka, na vipande huwa havichagui pa kwenda. Angalia mtutu wako. Unaona njano?"

Hilkka aliangalia. Kiwambo cha kuzuia sauti kilikuwa mahali pake kwenye ncha ya mtutu, cheusi, kirefu, kimekazwa. Njano hakuiona.

"Pete yangu haipo," alisema Reino.

Kwa aliyechelewa kuungana nasi, nitasema upesi maana wengine wana haraka. Veijo Rusanen, mwenyekiti wa wawindaji wa Kuikkavaara na kiongozi wa msako, alipitisha sheria kiangazi hiki kwamba hakuna bunduki itakayoingia porini bila kiwambo. Alisema ni kwa ajili ya masikio ya watu na ya mbwa. Sheria nzuri, tena ya utu, ila ilimbana mtu mmoja tu, naye ni Hilkka, anayetumia bunduki ya marehemu baba yake yenye mtutu mwembamba kuliko mitutu yote ya klabu.

Mtutu mnene ukikatwa nyuzi za skrubu nchani, unabaki na bega la chuma ambapo kiwambo kinakaa wima. Mtutu mwembamba hauna bega la kutosha. Kiwambo kinapanda, kinalala upande, na risasi inayotoka inakutana nacho ndani kwa ndani. Mafundi wa mjini walimwambia Hilkka auze bunduki ile. Rusanen alimwambia achague, ama anunue nyingine ama abaki jikoni kukoroga supu ya hirvi watakaouawa na wenzake. Reino peke yake ndiye aliyekubali. Alikata nyuzi fupi zisizozama sana, kisha akakereza pete ya shaba ivae nyuma ya kiwambo na kuwa bega lililokosekana.

Na sasa pete hiyo haipo, mtihani wa kulenga unafungwa alasiri hiyo, na msako unaanza kesho asubuhi. Asiyefaulu leo hana nafasi kwenye kikosi.

"Asubuhi nilipofanya majaribio ilikuwepo," alisema Hilkka. "Niliiona."

"Baada ya hapo?"

"Baada ya hapo nilitundika bunduki kwenye rafu ya banda la klabu, nikanywa kahawa, nikala na kipande cha mkate. Wote tulikuwa ndani."

"Basi mtu ameitoa."

Hilkka hakuuliza ni mtu gani. Alimtia Reino bunduki mikononi, akavuka uwanja kwa hatua ndefu hadi alipokuwa Rusanen na wenzake wa klabu, watu wazima kama kumi hivi, kila mmoja na kikombe chake.

"Mwenyekiti," alisema, "ulitaka kiwambo, nikakuletea kiwambo. Kama ulikuwa unataka na macho yangu, ungesema tu."

Kikombe cha Rusanen kilisimama njiani. Ni bonge la mtu, ana ndevu za mvi zilizokatwa vizuri na ile sauti ya mtu asiyezoea kukatizwa.

"Unaongea nini, binti Arvi?"

"Pete ya Reino imetolewa kwenye bunduki yangu. Ningefyatua, kiwambo kingenipasukia usoni. Nani hapa anataka nisiingie kwenye kikosi? Wewe. Nani alisema mbele ya watu kwamba nafasi ya kituo changu cha kuvizia hirvi atapewa mkwe wake? Wewe. Sasa nieleze, nimshuku nani mwingine?"

Wanaume wakatazama kahawa zao. Huku kwetu watu hawagombani hadharani. Mtu akikukasirikia anahama benchi la sauna na anakaa hivyo miaka saba. Hilkka alikuwa amevunja mwiko, na kusema kweli nilifurahi.

"Sijagusa bunduki yako," alisema Rusanen. "Na usiniite muuaji kwenye uwanja wangu."

"Uwanja ni wa klabu."

"Mimi ni mwenyekiti wa klabu."

"Kwa hiyo uliigusa kwa wadhifa?"

Mtu mmoja alicheka, akajidai anakohoa. Rusanen akawa mwekundu kuanzia shingoni. Hapo mlango wa banda ukafunguka, akatoka Sulo Kinnunen, mtunza jiko wa klabu, taulo begani.

"Niliigusa mimi," alisema.

Hakuna aliyemtarajia Sulo. Sulo ni yule mtu ambaye kila kikosi kinaye, anayewasha moto kabla wengine hawajafika na kuosha vikombe baada ya wengine kuondoka. Hana ugomvi na mtu. Hata mbwa wa watu humlalia miguuni.

"Wewe Sulo?" Hilkka alisema. "Kwa nini?"

"Si ilinyesha asubuhi? Viwambo vyote vililowa. Nikavifungua vyote nikavisimamisha kando ya jiko vikauke, kama kila siku ya mvua. Chako vilevile. Vilipokauka nikavirudisha. Sasa kiwambo kikiachwa na maji si kinashika kutu?"

Alisema kweli, na kila mtu pale alijua ni kweli. Huku, kumkaushia mwenzako kiwambo ni kama kumwekea soksi zake kando ya moto, huombi ruhusa wala husubiri shukrani. Miaka yote Sulo amefungua na kurudisha viwambo vya watu, na miaka yote havikuwa na pete. Angejuaje?

Hasira ya Hilkka ilikosa pa kukaa. Alimpenda Sulo. Alitaka kumkasirikia akashindwa, na hilo likamkasirisha zaidi.

"Na pete, Sulo? Uliitupa?"

"Sijaitupa. Ilidondoka nilipofungua. Nikaiokota, nikampa Veijo." Sulo alimgeukia Rusanen kwa wema wake wote, bila kujua anachokifanya. "Nilikupa mkononi, Veijo. Nikakuuliza, pete hii ni ya bunduki ya nani? Ukaniambia, ndiyo, asante."

Watu wote, msomaji, wakamgeukia Rusanen.

Rusanen aliweka kikombe juu ya kisiki. Alitia mkono kwenye mfuko wa koti, akaupekua, akautoa. Kwenye kiganja chake kulikuwa na pete ya shaba, njano, inang'aa.

"Nilidhani ni ya bomba la jiko," alisema.

"Ya bomba la jiko," alirudia Hilkka.

"Nilidhani hivyo."

"Umesimama hapa unanitazama nikilenga, pete yangu iko mfukoni mwako."

"Nimekwambia nilidhani ni ya bomba."

Mzee mmoja akatema mate pembeni. Mwingine akasogea hatua moja kutoka alipokuwa Rusanen. Hesabu ilikuwa imeshapigwa vichwani mwao, na mwenyekiti alikuwa amepatikana na hatia kabla kahawa haijapoa. Lakini Hilkka hakuwa akimtazama kama wao. Kuna kitu kilimgonga kwenye jibu lile la "ndiyo, asante." Alikisikia, akashindwa kukitaja, akakiacha kwa kuwa alikuwa na kazi.

Alichukua pete kutoka kwenye kiganja cha Rusanen.

"Reino, irudishe."

"Mtihani umefungwa," alisema Rusanen.

"Haujafungwa. Jua bado liko juu ya misonobari na ubao bado umesimama."

"Bunduki yenye vipande vinavyodondoka haifyatuliwi kwenye uwanja huu. Nakwambia kama kiongozi. Nunua bunduki yenye mtutu wa maana kama watu wengine, urudi mwakani. Hiyo ni fimbo ya kufukuzia kuku."

"Fimbo hiyo ilimlisha baba yangu, na ilinilisha mimi," alisema Hilkka. "Na ilimla masikio. Unajua wewe, ulikuwepo. Alifyatua bila kiwambo maisha yake yote hadi akawa hanisikii nikimwita mezani. Miaka yake ya mwisho nilikuwa nampigia kelele kama mtu anayegombana, wakati nilichotaka ni kumuuliza kama amelala vizuri. Sasa nasema bunduki hii itanyamazishwa, na itanyamazishwa ikiwa mikononi mwangu. Siiuzi na sirudi mwakani. Kama unataka nitoke kwenye mstari ule, njoo unibebe."

Hakuna aliyejitolea kumbeba.

Reino alikuwa ameshaanza kazi juu ya boneti ya gari lake. Alifungua kiwambo, akafuta nyuzi kwa kitambaa, akavisha pete hadi ikakaa, akarudisha kiwambo polepole kwa vidole vitatu. Kisha akachukua ufito mwembamba ulionyooka, akautelezesha kutoka mdomo wa kiwambo hadi ndani ya mtutu. Aliinama akaangalia nafasi kuzunguka ufito, akageuza bunduki, akaangalia tena. Ufito ulikuwa katikati.

"Kimekaa," alisema. "Lakini nafyatua mimi kwanza. Kazi ni yangu. Ikiharibika, iharibike kwangu."

"Bunduki yangu, uso wangu," alisema Hilkka.

"Mimi mzee, uso wangu umeshatumika."

"Reino, nimekwambia."

Mzee akampa. Hilkka alikuja kuniambia mwenyewe kwamba alihisi kila kipande cha kiwambo kile mbele ya jicho lake. Aliogopa sana, akainua bunduki.

Risasi ya kwanza ilitoka. Haikuwa mngurumo. Ilikuwa kama mtu aliyefunga mlango wa kabati kwa hasira, na mara hiyohiyo ikasikika risasi ikigonga ubao kule mbali. Kiwambo kilibaki kizima. Hilkka alivuta bolti kupandisha risasi nyingine, akarudia, akarudia tena, akarudia mara ya nne. Zote nne ziliingia kwenye duara la moyo wa hirvi wa karatasi, chini kidogo ya katikati kwa sababu ya uzito mpya wa nchani, lakini ndani.

Alipoteremsha bunduki, alisikia mbwa wa Sulo akijikuna nyuma yake. Alisikia matone yakidondoka kutoka kwenye paa la banda. Alikuwa ameshika bunduki ya baba yake, imetoka kufyatuliwa, na masikio yake yalikuwa mazima. Machozi yakamjaa, akayaacha, maana hakuona sababu ya kuyaficha mbele ya watu wale.

"Amefaulu," alisema Sulo kwa sauti.

"Amefaulu," walisema wengine, mmoja mmoja, wakimtazama mwenyekiti.

Rusanen alitikisa kichwa kukubali, akaingia bandani peke yake.

Hadithi ingeishia hapo kama Hilkka angekuwa mtu wa kushukuru na kwenda nyumbani. Lakini lile "ndiyo, asante" lilikuwa bado linamkereketa. Aliacha bunduki kwa Reino, akamfuata Rusanen.

Bandani kulikuwa na joto na harufu ya soseji. Rusanen alikuwa amesimama mbele ya jiko akijimiminia kahawa, mgongo kwake. Hilkka alifunga mlango nyuma yake, wala hakuufunga taratibu. Rusanen hakugeuka.

"Veijo," alisema, kwa sauti ya kawaida.

Kahawa iliendelea kumiminika.

"Veijo, koti lako linaungua."

Rusanen alichukua sukari, akakoroga.

Sasa Hilkka akajua. Hakuna mwingine pale Kuikkavaara ambaye angejua upesi hivyo, kwa kuwa hakuna mwingine aliyelelewa na mtu wa namna hiyo. Alikumbuka jinsi Rusanen anavyokodolea macho midomo ya watu. Anavyotikisa kichwa kabla mwenzake hajamaliza. Anavyoongea yeye mfululizo mikutanoni ili asiulizwe. Ni mambo yaleyale ya baba yake, moja baada ya jingine, na yeye alikuwa ameyaita kiburi.

Rusanen hakuficha pete. Hakusikia alichoulizwa.

Hilkka alizunguka jiko hadi akawa mbele yake. Rusanen alishtuka, kahawa ikamwagika. Hilkka akamwambia polepole, akiumba kila neno kwa midomo kama alivyokuwa akimwambia baba yake.

"Tangu lini?"

Rusanen alielewa. Alimpita, akaenda mlangoni, akasukuma komeo. Hilkka akavuta kiti akakaa, miguu mbele, mikono kifuani.

"Umemwambia nani?" aliuliza Rusanen.

"Nimejua sasa hivi."

"Sikio la kulia limekwenda kabisa. La kushoto lipo lipo tu."

"Na kesho unaongoza msako kwa redio." Hilkka sauti ilimpanda bila kutaka. "Mtu akikwambia kwenye redio simamisha, kuna mtu kavuka mstari, utamjibu nini? Ndiyo, asante?"

"Huwa nawaambia warudie."

"Siku watakapokosa nafasi ya kurudia je? Sitaki kukuaibisha, Veijo. Nimeishi na aibu hiyo nyumbani, naijua ilivyo. Lakini redio utampa Sulo. Leo, mbele ya watu, kwa mdomo wako, sababu utaitunga mwenyewe. Usipompa, nasema mimi."

"Ukisema, nani atakuamini? Wataona unalipiza."

"Nitasimama nyuma yako niseme koti lako linaungua. Watajionea."

Rusanen alikaa upande wa pili wa meza. Mara akaonekana mzee. Kisha akasema jambo ambalo Hilkka hakulitarajia.

"Arvi alijua."

"Nani?"

"Baba yako. Alinigundua kama ulivyonigundua wewe. Kiziwi humjua kiziwi. Akasema atanifichia, mradi nimtimizie sharti moja." Rusanen alimwinulia macho. "Nisikubali kamwe uingie kwenye kikosi na bunduki ile."

Hilkka alihisi kama kiti kimesogezwa chini yake. "Muongo wewe."

"Unadhani sheria ya viwambo niliitunga kwa ajili gani? Masikio yangu yalishakwenda. Nilijua mtutu ule haushiki kiwambo, kila fundi angekataa, nawe ungenunua bunduki nyingine, ungeingia kikosini kama mtu mwingine yeyote, na ahadi yangu kwa marehemu ingesimama. Sikuwaza kwamba Reino angethubutu."

"Baba mwenyewe ndiye aliyenifundisha kulenga kwa bunduki ile."

"Shambani kwenu, ndiyo. Aliwahi kukuleta nayo hapa kwenye banda hili?"

Hakuwahi. Baba yake alikuwa akimwambia Hilkka atamleta mwakani, na mwakani ikifika kunakuwa na baridi kali, au mgongo, au mbwa mgonjwa. Ilimuuma sana. Alikuwa amepigana kiangazi chote akidhani anapigania heshima ya baba yake, kumbe aliyefunga mlango tangu mwanzo ni baba yake.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Sikumuuliza na hakuniambia. Lakini kiwandani hawatengenezi mtutu mwembamba namna ile, Hilkka. Muulize aliyeukereza."

Hilkka alisimama. Rusanen naye akasimama, akadhani amemaliza naye, akashika komeo.

"Redio bado utampa Sulo," alisema Hilkka, akimtazama machoni ili asikose neno. "Na kesho nitakuwa kwenye kituo changu. Kama baba alikuwa na sababu, angeniambia akiwa hai. Alikuwa hanisikii mimi, lakini mimi nilikuwa namsikia."

Komeo likafunguliwa.

Nje, watu walikuwa wamezunguka moto, soseji zinageuzwa kwenye vijiti, Sulo akiwapitishia haradali. Reino alikuwa peke yake kando ya gari lake, bunduki mapajani, akifuta mtutu kwa kitambaa. Mtutu ulikuwa umeshang'aa kitambo. Bado alikuwa anaufuta.

Hilkka alichuchumaa mbele yake.

"Reino, mtutu huu ulikuwa mnene kiasi gani?"

Mzee hakuuliza anaulizwa nini. Kitambaa kilisimama.

"Kama mingine tu," alisema. "Nilikuwa kijana, nimefungua karakana juzi juzi, na Arvi alikuwa rafiki yangu. Akaniletea akasema, punguza hadi maandishi yaishe. Yalikuwa yamechongwa ndani sana, kwa mkono, kazi nzuri. Ikabidi nikereze mno."

"Maandishi gani?"

"Jina la mwenye bunduki."

Upepo uligeuza moshi ukawajia usoni. Hakuna aliyeukwepa.

"Nilipokubali kukukatia nyuzi kwenye mtutu ule," aliendelea Reino, "si kwamba nina ujasiri kuliko mafundi wa mjini. Nilijua hasa una chuma kiasi gani, kwa sababu nilichotoa nilikitoa mimi. Na kila nikiushika nasema leo nitamwambia, halafu simwambii."

"Jina la nani, Reino?"

"Hilkka, umepata nafasi yako. Nenda nyumbani, lala, kesho uwinde."

"Jina la nani?"

Fundi alitazama kule kwenye moto. Alisema kwa sauti ndogo sana, na Hilkka, ambaye masikio yake yalikuwa mazima kabisa, alilisikia lote.

"Eemeli Kinnunen."

Kila mtu Kuikkavaara anamjua Eemeli Kinnunen, hata sisi tuliokuja baada yake. Ndiye aliyeingia porini kuwinda hirvi mke wake akiwa mjamzito. Walimtafuta mpaka theluji ikafunika kila kitu. Majira ya kuchipua walikuta kofia na mifupa, ila bunduki haikuonekana. Mtoto aliyezaliwa walimwita Sulo.

Asubuhi ile Sulo alikuwa amekaa na kiwambo cha bunduki ile kando ya jiko, akakikausha kwa taulo yake, akakirudisha kwa upendo kwenye mtutu wa baba yake mzazi.

Hilkka alichukua bunduki kutoka mapajani mwa Reino na kusimama.

"Usimwite," alisema Reino, akamshika mkono. "Nakuomba. Ukimwita huna bunduki tena, huna kikosi, na baba yako atakuwa amekufa mara ya pili. Umeshafaulu mtihani. Hakuna anayejua ila mimi na wewe."

Hilkka aliutoa mkono wake. Uso ulikuwa umemkauka, midomo imekaza kama alipokuwa kwenye mstari wa kulengea.

"Sulo," aliita, kwa sauti iliyowanyamazisha wote waliokuwa kwenye moto. "Njoo hapa. Na wewe Reino, simama. Utamwambia mwenyewe, na mimi niko hapa nasikia."